Namna ya Kuzuia Diski Isiyohitajika Kuingizwa katika Nakala ya Mfumo wa Kompyuta

Nakala kamili ya mfumo wa kompyuta hutengenezwa ili diski kuu inapoharibika, kompyuta irejeshwe kama ilivyokuwa bila kusimika upya programu moja baada ya nyingine. Hata hivyo, katika kompyuta zinazotumia Windows, wakati mwingine diski ya pili, kwa kawaida D, yenye nyaraka au picha, huingizwa pamoja na diski C, na alama ya kuichagua haiwezi kuondolewa.

Hali hiyo ina athari tatu. Kwanza, nakala huwa kubwa kupita kiasi: mfumo wa GB 60, kwa mfano, unaweza kuambatana na data ya GB 500 ambayo haikukusudiwa. Pili, diski iliyoingizwa haiwezi kutumika kuhifadhi nakala hiyo hiyo. Tatu, ambayo ni kubwa zaidi, diski iliyohesabiwa kuwa ya mfumo hurejeshwa pamoja na C. Nakala ya Januari ikirejeshwa mwezi Juni, nyaraka zilizowekwa katika diski D baada ya Januari hupotea.

Chanzo cha tatizo

Diski hiyo haiingizwi kwa bahati mbaya. Chombo cha kutengeneza nakala kilichokuja na Windows 7 mwaka 2009, ambacho kimeendelea kuwamo katika Windows 10 na 11, hujumuisha kila sehemu ya diski inayohitajika ili mfumo uwake na kufanya kazi. Sababu mbili hujitokeza mara nyingi:

1. Sehemu ya kuwashia kompyuta iko katika diski ya pili, hasa pale diski hiyo ilipokuwa imeunganishwa wakati Windows ikisimikwa.

2. Programu iliyosimikwa katika diski D ina huduma au kiendeshaji kinachofanya kazi ndani ya mfumo, kama ilivyo kwa baadhi ya programu za kuzuia virusi, za kanzidata na michezo ya kompyuta.

Kwa hiyo, suluhisho ni kuondoa sababu inayoifanya diski ihesabiwe kuwa ya mfumo.

Hatua za kuchukua

1. Kunakili nyaraka muhimu za diski D katika diski nyingine ya nje kabla ya kubadili chochote.

2. Kufungua diskmgmt.msc na kutazama sehemu ya diski yenye neno "System". Ikiwa iko katika diski ya pili, kazi ya kuihamisha iachwe kwa fundi, kwani kosa dogo linaweza kuifanya kompyuta isiwake.

3. Kufungua msinfo32 na kukagua orodha za huduma na za viendeshaji, kutafuta anwani za faili zinazoanza na D:.

4. Kuondoa programu husika kwa utaratibu wake rasmi na kuisimika upya katika diski C. Kuhamisha folda kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa mfumo huendelea kuitafuta mahali pa zamani.

5. Kuwasha upya kompyuta, kuanza kutengeneza nakala, na kusoma orodha ya diski kabla ya kuthibitisha.

Wanaotumia amri ya wbadmin wazingatie kuwa kigezo -allCritical hufuata kanuni hiyo hiyo na huirudisha diski D endapo sababu haijaondolewa.

Tahadhari

Mwenye nakala ya zamani iliyokwisha kujumuisha diski D anapaswa kuhamisha kwanza faili mpya za diski hiyo kabla ya kuirejesha. Kwa taasisi, ukaguzi huo una uzito zaidi, kwani diski isiyokusudiwa inaweza kubeba taarifa za watu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayehifadhi taarifa hizo kuzilinda, na nakala iliyomo katika diski ya nje haiko nje ya wajibu huo.