Rimoti Iliyoshindwa na Jua

Juzi rimoti ya nyumbani iligoma. Badala ya kushuka Luthuli Avenue kununua nyingine, nikachukua bisibisi. Ndani nilikuta vitu vichache mno: chipu moja, taa ndogo ya LED na vipuri vingine viwili vitatu. Basi! Nikajiuliza, ilichukua muda gani hadi kifaa hiki kikawa rahisi hivi? Jibu ni kama miaka 30, na njia yenyewe ilizunguka sana.

Tuanzie Marekani, kwenye kampuni ya Zenith ya Chicago. Mwaka 1950 ilitoa rimoti iliyoitwa Lazy Bones, ambayo ilifungwa kwenye televisheni kwa waya. Watu wakawa wanajikwaa sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi Eugene Polley akauondoa waya huo. Kifaa chake, Flash-Matic, kilikuwa tochi yenye umbo la bastola. Televisheni nayo iliwekewa seli nne za kuhisi mwanga, moja kila pembe ya skrini. Ukimulika pembe moja, picha inawaka au kuzima. Nyingine inanyamazisha sauti. Mbili zilizobaki zinabadilisha stesheni, mbele au nyuma.

Tatizo? Seli zile hazikujua kutofautisha tochi na jua. Jua likipiga kwenye skrini, stesheni zilibadilika zenyewe!

Zenith ikatafuta njia nyingine. Redio haikufaa, maana mawimbi yake yanapenya ukuta, na ungeweza kumzimia jirani televisheni yake. Kumbe kwa rimoti, kutofika mbali si udhaifu, ni sifa. Robert Adler, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna, akapendekeza sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Ndiyo ikawa Space Command ya mwaka 1956. Ndani yake mlikuwa na fimbo nne za alumini. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo inagonga fimbo, nayo inatetema karibu mara 40,000 kwa sekunde. Kila fimbo ilikuwa na mlio wake, na kila mlio amri yake. Betri haikuhitajika kabisa. Wauzaji waliipenda hiyo, kwa sababu waliogopa kwamba betri ikiisha mteja atadhani televisheni imeharibika.

Lakini cha bure hakuna. Urahisi wa mkononi ulilipiwa upande wa pili: televisheni iliongezewa valvu sita za kupokea mlio, na bei yake ikapanda kwa takriban asilimia 30. Miaka ya 1960 transista zilishusha gharama hiyo. Hata hivyo, funguo au sarafu zikigongana zingeweza kubadilisha stesheni. Sauti ilitawala hivyo hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kisha mwanga ukarudi, safari hii wa infraredi, usioonekana kwa macho. Na jua je? Hapa ndipo pananifurahisha mimi kama programa. Taa ya LED haiwaki tu, inapepesa, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kinachuja mwanga wowote usiopepesa kwa kasi hiyo. Jua halipepesi hivyo, kwa hiyo linapuuzwa. Juu ya mpepeso huo unawekwa ujumbe. Katika mfumo wa NEC, kwa mfano, ujumbe unaanza na mwako wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, halafu zinafuata biti 32: anwani ya kifaa na kinyume chake, kisha amri na kinyume chake. Vikikosa kulingana, ujumbe unatupwa. Ukaguzi wa makosa huo, kwa bei ya chipu moja!

Adler, aliyefariki mwaka 2007, ndiye anayeitwa mara nyingi baba wa rimoti. Polley, aliyefariki mwaka 2012, hatajwi sana, ingawa kazi yao wote wawili ilitambuliwa kwa tuzo ya Emmy mwaka 1997. Mimi naona amepunjwa. Rimoti nyingi za leo zinatumia mwanga, kama yake. Wazo lake halikuwa baya, lilikosa msimbo tu.

Na rimoti yangu? Mguu mmoja wa LED ulikuwa umeachia. Tone moja la solda, kazi kwisha. Yako ikigoma, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kamera nyingi zitakuonyesha taa ikimetameta. Usipoiona, anza na betri kabla ya kuitupa.