Mahame Yetu

Kutoka kijijini kwa bibi yangu, wilayani Chamwino, Dodoma, ukitembea kwa miguu kama saa moja unafika mahali penye mstari wa minyaa iliyozeeka, mbuyu mmoja na jiwe la kusagia lililopasuka. Nyumba hakuna. Tembe likikosa mtu wa kulikandika paa, mvua za misimu michache hulirudisha ardhini. Bibi akifika hapo husema, "Haya ndiyo mahame yetu."

Utotoni nililisikia neno hilo bila kulijali. Mwaka huu, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu Operesheni Vijiji, limenirudia na halitaki kuniacha.

Hame, kwa wingi mahame, ni mahali palipohamwa na watu. Si sawa na gofu. Gofu ni jengo lililobaki kuta, lakini mahame yanaweza yasiwe na ukuta hata mmoja. Yanaitwa hivyo kwa sababu watu walikaa pale, wakazaa, wakazika, kisha wakaondoka. Makazi yametokana na kukaa. Mahame yametokana na kuhama.

Na hapo ndipo ninapokwama. Anayehama hufunga mizigo yake mwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kuingia katika kijiji cha ujamaa kulihubiriwa kuwa hiari. Dodoma, iliyokuwa imepigwa na ukame na njaa, ilipata operesheni yake mapema, mwaka 1971. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walisogezwa. Kuna waliopakiwa kwenye malori, na kuna ambao nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Ahadi ilikuwa shule, maji na zahanati, na si zote zilikuwa hewa: mama yangu alijifunza kusoma katika shule ya kijiji hicho kipya.

Hata hivyo, watu hao hawakuhama, walihamishwa. Sarufi yetu ina kiungo kidogo cha kuonyesha kwamba kuna aliyekusababisha utende, -ish-, lakini neno mahame halikukibeba. Ukilisikia peke yake, utadhani watu waliamka asubuhi wakachoka na mahali.

Nilimweleza bibi hayo nikijiona nimegundua jambo. "Bibi, nyie mlihamishwa. Kwa nini basi mnasema mahame?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, umesikia mahame tu. Hilo 'yetu' hujalisikia?"

Kumbe "yetu" ilishabishaniwa hadi mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika maeneo yaliyopitiwa na operesheni, ikazuia watu kudai fidia au kufungua kesi. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe dhidi ya serikali, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka. Bibi hajawahi kulisikia jina la Akonaay. Alichokuwa nacho ni kivumishi kimoja, na hakukiachia.

Sasa Dodoma ni makao makuu kwelikweli, na ardhi inapimwa hadi kwenye pori ambalo zamani hakuna aliyelitaka. Mjomba anasema wapimaji walipofika karibu na ule mbuyu waliuliza, "Nani anakaa hapa?" Swali hilo lina jibu moja tu, na mtu mmoja akalijibu kwa ukweli kabisa: hakuna.

Wiki iliyopita nilirudi na bibi, nikiwa na daftari. Aliinama kwenye kila kilima kidogo chini ya minyaa, akanitajia jina na uhusiano: baba yake, shangazi yake, mtoto wake wa kwanza. Niliandika yote kumi na moja. Mjomba atayapeleka ofisi ya kijiji. Juu ya ukurasa niliandika kichwa cha habari kama alivyonisomea bibi, maneno mawili, na safari hii sikuliacha la pili.