BOLTI ILIYOGOMA: HABARI ZA BUNDUKI KUUKUU KATIKA UFIPA

Ndugu wahitimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaokalia madawati yetu ya zamani,

Darasani tulifundishwa vita kwa majina ya majenerali. Leo naomba nizungumzie kipande cha chuma kinachoshikika kwa mkono mmoja, yaani bolti ya bunduki. Hilo ndilo komeo linalosukuma risasi kuingia mtutuni, likaufunga mtutu kwa nyuma, na baada ya mlio likalivuta ganda kutoka nje. Likigoma, askari amebaki na rungu la bei kubwa.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani katika nchi yetu walikuwa wakibeba Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11, na iliyotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Tena baruti ile huacha masizi yanayoganda, na kadiri askari anavyoendelea kupiga ndivyo bolti inavyozidi kuwa nzito. Hata ganda halikuruka lenyewe. Hapana budi bunduki ilazwe upande ili lidondoke. Fikirini kufanya hayo huku mnashambuliwa! Ndiyo maana walipowashinda Waingereza kule Tanga mwezi Novemba 1914, bunduki 455 na risasi 600,000 walizoteka zilikuwa na thamani kuliko sifa ya ushindi wenyewe.

Kwetu Ufipa, boma lao lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwezi Juni 1916 kikosi cha Murray kilitokea upande wa Rhodesia ya Kaskazini kikalizingira. Wenyeji wa boma wakaponyoka ziwani usiku kwa vyombo vidogo, ingawa manowari za Waingereza zilitakiwa kuwazuia. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, si mbali na mpaka wetu. Silaha zilizowekwa chini siku ile nyingi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, yaani nyara. Mbala husimuliwa hadi leo kwamba zilitupwa katika ziwa dogo la Chila.

Hapa niingize habari ya meli yetu ya Liemba, kwa kuwa somo lake ni lile lile. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, ikiitwa bado Graf von Götzen, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Grisi ilikuwa imeuhifadhi mtambo.

Lakini grisi hiyo hiyo inayookoa chuma ndiyo inayogomesha bolti. Bunduki ya akiba ya jeshi hupakwa grisi nene kabla ya kuwekwa ghalani. Miaka ikipita hukauka ikawa kama gundi. Baada ya Vita ya Pili, bunduki za Kiingereza za .303 zilizobaki zilisambaa katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, na jina la Mark IV bado linajulikana kwetu. Mtu akiikuta bolti yake nzito, hudhani chuma kimechakaa. Mara nyingi sivyo. Huenda ni grisi ya zamani kwenye mifereji ya bolti au ndani ya chumba cha risasi, na baridi ya asubuhi ya mwezi Juni hapa juu Sumbawanga, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, huifanya iwe nzito zaidi.

Sababu ya pili ni chumvi. Fataki za risasi za .303 za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu wa hewa, na katika masika yetu kutu huja upesi sana. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, maji huiyeyusha. Kwa hiyo askari wa Kiingereza walimimina maji yanayochemka mtutuni, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Grisi iliyoganda, kwa upande wake, huondolewa kwa mafuta ya taa, kitambaa na uvumilivu.

Kosa kubwa ni tupa. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa mita tatu hivi, kisha wakakisafisha tena katika vintengwe kabla ya kukipeleka kwa mhunzi. Huyo alijua chuma vizuri, lakini jembe analolifua mhunzi halidai kipimo cha unywele. Bolti ya Mark IV inadai. Kichwa chake kilitengenezwa kwa saizi kadhaa, kuanzia 0 hadi 3, ili kifungio kibane sawasawa, na namba ya bolti hulinganishwa na ya bunduki yake. Ukikwangua mahali pasipostahili, au ukaazima bolti ya bunduki nyingine, italainika kweli, lakini ganda laweza kupasuka mbele ya uso wako. Kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye kibali, na bunduki iwe ya halali.

Kwa vijana wanaotembelea magofu ya Kasanga, au wanaolima karibu na njia za zamani za vita: ikitokea mmefukua bunduki, msiipige nyundo bolti yake ili ifunguke. Bolti iliyofungwa na kutu haionyeshi kama ndani mna risasi, na baruti iliyokaa miaka mia moja haitabiriki. Iachwe papo hapo, polisi waitwe.