NIT: kombe la mbuzi ambalo zamani lilikuwa baba lao

Wadau, hapa Dom ukisema kombe la mbuzi kila mtu anaelewa: mechi za mtaani, mshindi anaondoka na mbuzi wake, jioni supu. Kwenye basketi ya vyuo Marekani nako kuna NIT. Timu ikikosa nafasi kwenye michuano mikubwa ya NCAA mwezi Machi, ndo inaangukia huko, na wapinzani wanaicheka hadi basi.

Ila subirini kwanza. NIT ndo kaka mkubwa! Ilianza 1938 pale Madison Square Garden, New York, timu sita tu, Temple wakabeba. NCAA ikaja 1939. Miaka hiyo kucheza Garden ndo ilikuwa ujiko wenyewe.

Sasa kuna kocha mmoja jeuri, Al McGuire wa Marquette. 1970 NCAA wakampangia kucheza mbali, huko Texas. Jamaa akagoma, akaenda zake NIT na akachukua kombe. Kiukweli mimi nampa heshima yake. Baadaye NCAA wakabana: ukialikwa kwao, huruhusiwi kuwakacha ukacheze kwingine. NIT wakawapeleka mahakamani, na 2005 kesi ikaishia kwa NCAA kuinunua NIT yenyewe. Pesa bwana!

Na Hasheem Thabeet wetu je? 2009 aliifikisha UConn nusu fainali ya NCAA, akachaguliwa namba 2 NBA. Lakini msimu wake wa kwanza, 2006/07, walishinda 17 wakafungwa 14. Hata huyo mbuzi hawakuitwa kumgombania.