Dawa na Mionzi kwa Saratani ya Mapafu: Hoja ya Ratiba kwa Mgonjwa wa Kasulo

Mwaka 1992 Schaake-Koning na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Ulaya kwa wagonjwa 331 wa saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, ambao hawakufaa kupasuliwa. Kundi moja lilipewa mionzi pekee, la pili mionzi na dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki, la tatu mionzi na kiasi kidogo cha sisplatini kila siku ya matibabu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai walikuwa asilimia 2, 13 na 16. Sisplatini haikuzuia saratani kusambaa mwilini. Ilichofanya ni kuisaidia mionzi kuudhibiti uvimbe palepale kifuani.

Kwa kawaida tunalisoma jaribio hili kama habari ya dawa. Naona ni habari ya ratiba pia, na kwa mgonjwa wa Kasulo, wilayani Ngara, ratiba ndiyo inayoamua.

Mgonjwa huyo akianza kukohoa damu na kukonda, hushukiwa kwanza kifua kikuu. Ni sawa, maana ndicho kilichoenea zaidi. Balaa huanza pale makohozi yanapokosa vimelea na bado akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, miezi ikapita bila picha nzuri ya kifua wala kinyama kupelekwa maabara. Akibahatika kupata rufaa ya tibamionzi, atasafiri kutoka Benaco, palepale Kasulo, kupitia Lusahunga na Geita hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au zaidi ya kilomita 1,000 hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ratiba iliyozoeleka ni dozi ya mionzi ya grei 60 katika vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Sisplatini nayo hudai damu ipimwe, figo ziangaliwe na maji ya kutosha yaingizwe mwilini. Wiki hizo zote yeye na ndugu anayemuuguza watahitaji pa kulala na chakula, huku migomba na maharage vikiwa havina mtu.

Hapa kuna kishawishi. Katika jaribio lile la Ulaya mionzi iligawanywa: wiki mbili za matibabu, mapumziko ya wiki tatu, kisha wiki mbili nyingine. Mtu anaweza kusema ratiba hiyo inatufaa, mgonjwa arudi nyumbani katikati. Napinga kabisa. Seli za saratani zilizosalimika huzaliana upya katika mapumziko, na kila siku inayoongezeka hula sehemu ya faida ya mionzi. Isitoshe, aliyerudi Kasulo akiwa na nafuu kidogo na mfuko mtupu anaweza asirudi tena. Hata mashine ikiharibika madhara ni yaleyale. Uganda iliyaona mwaka 2016, mashine pekee ya tibamionzi ya hospitali ya Mulago ilipokufa.

Kuongeza dozi nako si jibu. Jaribio la Marekani lililolinganisha grei 74 na 60, wagonjwa wote wakipewa dawa, lilionyesha kuwa waliopata 74 waliishi muda mfupi zaidi. Njia yenye matumaini kwetu ni kufupisha. Jaribio la SOCCAR la Uingereza lilitoa grei 55 katika vipindi 20, wiki nne, pamoja na sisplatini na vinorelbini, na likaonyesha kuwa ratiba hiyo inawezekana kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri.

Neno hilo la mwisho lina uzito. Umio na mapafu mazima huumia zaidi dozi ya kila siku inapokuwa kubwa, na wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamedhoofu, wengine wakiwa na makovu ya kifua kikuu. Ndiyo maana tunahitaji jaribio la awali hapahapa, lenye wagonjwa wachache wanaofuatiliwa kwa karibu, badala ya kunakili ratiba ya Uingereza. Lipime sumu ya dawa kama kawaida, lakini lihesabu pia siku tangu kikohozi kuanza hadi kinyama kuchukuliwa, na vipindi vilivyokosekana pamoja na sababu zake. Gharama za malazi na nauli ziandikwe ndani ya itifaki, bajeti yake ipitishwe pamoja na ya dawa, kabla mgonjwa wa kwanza hajaombwa ridhaa.