Namna ya kuweka viungo katika tovuti bila kumpoteza msomaji

MKOA wa Simiyu, wenye makao makuu mjini Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga. Machi 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa mjini Dodoma. Tangu hapo matangazo ya ajira, zabuni na wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, yaliyozoeleka katika ubao wa ofisi, hutafutwa pia kwenye intaneti.

Kinachomfikisha mwananchi kwenye tangazo ni kiungo, yaani neno au picha ambayo ikibofywa hufungua ukurasa au faili nyingine. Kiungo kikikosewa, mzazi wa Meatu aliyenunua bando ili aone jina la mwanawe huambulia ujumbe namba 404, kwamba ukurasa haukupatikana.

Katika lugha ya HTML, iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa CERN, kiungo huandikwa kwa alama ya herufi a na neno href linalotaja anwani. Programu za kusanifu kurasa kwa kuona, kama Dreamweaver iliyotoka mwaka 1997 na FrontPage ambayo Microsoft iliisitisha mwaka 2006, humwandikia mhariri alama hizo. Vihariri vilivyomo katika mifumo ya leo ya kuendesha tovuti hufuata utaratibu uleule.

Hatua zenyewe ni chache:

1. Chagua maneno yatakayobofywa.
2. Bofya kitufe chenye picha ya pingili za mnyororo. Katika programu nyingi, Ctrl na K hufanya kazi hiyo.
3. Andika anwani, thibitisha, kisha hifadhi.

Anwani kamili huanza na https:// na hutumika kuelekea tovuti nyingine, mathamani kutoka ya halmashauri kwenda ya Bodi ya Pamba. Anwani fupi, kama matangazo/orodha.pdf, huelekeza ndani ya tovuti ileile. Namba ya simu hutanguliwa na tel: na barua pepe na mailto:.

Kosa linalowanasa wengi ni kuunganisha na faili iliyo katika kompyuta ya mhariri. Anwani yake huanza na file:///C:/ na kwake hufunguka vizuri, lakini kwa msomaji haifunguki. Kosa jingine ni herufi: kwa seva nyingi, Orodha.pdf na orodha.pdf ni faili mbili tofauti.

Maneno ya kiungo nayo yajieleze. "Bofya hapa" haimsaidii asiyeona, ambaye programu yake ya kusoma skrini inaweza kumtajia viungo pekee, kimoja baada ya kingine. "Orodha ya kidato cha kwanza" humtosheleza.

Baada ya kuchapisha, kiungo kijaribiwe kwa simu ya mtu mwingine. Faili iliyokwisha kutangazwa isibadilishwe jina, kwani anwani yake huenda tayari imesambazwa kwa ujumbe wa simu hadi vijijini.