Maombi ya pamoja Fizi na Baraka: yanafanyika namna gani, na yanamwombea nani?

Kila mara vita inapozidi huku milimani Fizi, mwito unatoka: wakristo na waislamu wakutane, wamwombe Mungu alete amani. Tena kila mara swali linarudi: mwislamu na mkristo wanaweza kuomba pamoja bila mmoja wao kuacha imani yake? Tumeandika haya kusudi kila mtu anayeombwa kupanga au kuhudhuria maombi ya namna hiyo ajue yanavyokwenda.

Dini gani ziko kwetu?

Uislamu ulifika kandokando ya ziwa Tanganyika katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani na kupitia Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Hata neno "baraka" ni la asili ya Kiarabu, na leo wakristo na waislamu wote wanalitumia. Wakatoliki wa Fizi na Baraka wako katika jimbo katoliki la Uvira, lililoanzishwa mwaka 1962. Waprotestanti ni wengi na wako katika jumuiya mbalimbali: Methodiste Libre, wenye hospitali ya Nundu, CELPA, CEPAC na nyingine. Kuna tena Waadventista, Wakimbangu na makanisa ya uamsho.

Mara nyingi hizi dini zinakutana ndani ya familia moja. Mjomba anaenda msikitini, dada anaimba kwaya, na siku ya kilio wote wanaketi ku mkeka mmoja. Kwa hiyo kuomba pamoja si kitu kigeni kwetu.

Kukusanyika kwa kuomba

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Assisi, mji wa Italia. Tarehe 27 Oktoba 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaita viongozi wa dini nyingi za dunia waje kuombea amani. Kwanza kila dini iliomba mahali pake. Kisha wote wakakusanyika, kila kikundi kikaomba kwa zamu kwa desturi yake, na wengine wakanyamaza na kusikiliza. Hawakutunga sala moja ya wote. Kusudi lilikuwa moja, lakini kila mtu aliomba kwa namna yake.

Njia hiyo inafaa pia kwetu. Imamu anasoma dua yake, padri anasali kama kanisa lake linavyofundisha, pasta anaomba kwa jina la Yesu. Hakuna anayelazimishwa kusema maneno ya mwenzake. Anayetaka anaitikia "amina", neno ambalo wote wanalo.

Kwa wanaopanga, mambo haya yanasaidia:

Mahali: uwanja, soko au nyumba ya mikutano. Kama ni ndani ya kanisa au msikiti, wengine watajiona wageni.

Saa: si Ijumaa mchana, si Jumamosi kwa ajili ya Waadventista, si Jumapili asubuhi. Wakati wa Ramadhani, mkutano uishe mapema kabla ya saa ya kufuturu.

Mahubiri: hapana. Hapa si mahali pa kutafuta waumini wapya.

Feza: kama kuna mchango, iseme mbele ya watu ni ya kazi gani na nani ataishika.

Siasa: mwenye cheo anaweza kuja kama muumini, lakini asigeuze maombi kuwa kampeni.

Maombi na kazi

Kuna watu wanaouliza: maombi yatazuia risasi? Tuangalie jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita ya LRA, maaskofu wa Katoliki na Anglikana, Waorthodoksi na mashehe waliunda umoja wa viongozi wa dini wa Acholi. Waliomba pamoja, lakini pia walidai mazungumzo na walitetea sheria ya msamaha ya mwaka 2000. Wakati huo maelfu ya watoto walikuwa wanatembea kila jioni kwenda mjini Gulu kulala huko, juu ya woga wa kutekwa. Mwezi wa sita 2003, viongozi hao walitoka nyumbani kwao wakalala barabarani pamoja na hao watoto kwa usiku nne. Askofu mkuu John Baptist Odama alikuwa mmoja wao.

Kule Bangui, mwishoni mwa 2013, wakati wakristo na waislamu walikuwa wanauana, Askofu mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpokea Imamu Omar Kobine Layama nyumbani kwake, na imamu akakaa huko kwa miezi. Pamoja na Pasta Nicolas Guérékoyame-Gbangou walizunguka wakiwaomba watu waache kulipiza kisasi. Watu waliamini maombi yao sababu waliona maisha yao.

Tunamwombea nani?

Hapa ndipo kwetu kunatofautiana na Bangui. Vita ya Fizi si vita ya dini. Inahusu ardhi, ng'ombe na malisho, utawala wa mahali, vikundi vya silaha, na vidonda vya vita zilizopita. Babembe, Banyamulenge, Bafuliru na Banyindu wengi wao ni wakristo, mara nyingine wa jumuiya moja ya kanisa. Kwa hiyo imamu na pasta wakisimama pamoja ni jambo zuri, lakini haina maana kwamba wanaopigana wamekutana. Tunaweza kuwa na dini tano ku uwanja, na kabila moja tu.

Hapo ndipo kuna kazi ngumu. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, zaidi ya watu 800 waliuawa Makobola na vijiji vya karibu, kufuatana na ripoti ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Congo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, Burundi. Kila upande unakumbuka tarehe yake. Mara ngapi tumesikia wote wawili wakitajwa katika sala moja?

Kuwataja wafu kunachukua muda. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na Padri Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert, Mcongomani, wakauawa Fizi. Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Ilipita karibu miaka 60. Wafu wa Makobola na wa Gatumba nao wana majina, na wenye kuyajua wangali hai.

Basi anayepanga maombi ajiulize kwanza: nani hayuko hapa, na kwa nini? Mtu wa Minembwe hawezi kushuka Baraka kirahisi, na mtu wa Baraka hawezi kupanda Minembwe kirahisi. Lakini siku moja na saa moja inaweza kuchaguliwa pande zote mbili, kila mahali watu waombe kwa desturi yao, na wafu wa upande ule mwingine watajwe pia. Kwa jambo hilo redio inaweza kusaidia: sauti inafika mahali ambapo mtu hawezi kupita.